Wasomee Kwanza, Kisha Uwaandikie: Mwongozo wa Fantasia ya Wanyama kwa Watoto wa Kando ya Ziwa

Mtu akiniambia anataka kuwaandikia watoto fantasia, yaani hadithi ndefu ya wanyama yenye uchawi ndani yake, humuuliza mara ya mwisho aliwasomea watoto kwa sauti lini. Wengi hunyamaza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kusoma. Karibu kila ninachokijua kuhusu kuandika nimekipata Jumamosi asubuhi hapa Kisumu, nikiwa kwenye benchi mtaani Nyalenda, kitabu mkononi, watoto wakinitazama mdomo.

Hadithi ninayoizungumzia ni ya msomaji wa miaka 8 hadi 12. Vitabu vya picha vimeanza kumchosha, na riwaya za watu wazima bado hazijamfikia. Anaweza kumaliza sura nzima peke yake, anaweza kubeba siri ya mhusika wiki nzima, na bado anaamini kwamba ndege akikukodolea macho ana jambo la kukuambia. Umri huo hupita upesi, na mtoto asipopata kitabu chake wakati huo, mara nyingi hageuki tena kukitafuta.

1. Panga kikao kabla ya kununua daftari

Huhitaji jengo. Varanda ya kanisa inatosha, au kivuli cha mwembe. Saa nne asubuhi ni nzuri, kabla jua halijawa kali na kabla watoto hawajatumwa sokoni. Watoto 12 hadi 18 ni wengi vya kutosha. Wakipita 20, walio nyuma hawaoni picha na huanza kusukumana. Zungumza na wazazi ana kwa ana, uwaambie mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mtu mzima wa pili awepo kila mara. Picha ya mtoto isipigwe wala kusambazwa bila ruhusa ya mzazi wake. Hayo mawili usiyalegeze hata siku moja.

Vitabu vya kuanzia si lazima vikufilisi. Kuna maktaba ya umma Kisumu na nyingine Nakuru. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika hutandaza bidhaa zao kando ya barabara za mjini, nawe ukirudi mara tatu kwa muuzaji mmoja atakuwekea vya watoto pembeni. Kisha kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, wenye vitabu vifupi vya picha kwa Kiswahili, Kidholuo, Kibukusu na lugha nyingine nyingi. Leseni yake ni huria, kwa hiyo unaruhusiwa kuchapa na kugawa. Vingi ni vya watoto wadogo kuliko wale ninaowasema hapa, ila ni vizuri sana kwa kuanzia kikao huku watu wakiendelea kufika.

2. Azimisha bila woga

Kitabu kinachofungiwa sandukuni ili kisichakae hakimsaidii mtoto yeyote. Kiazimishe. Chukua daftari la kurasa 96, ligawe safu nne: nambari ya kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi. Mtoto aandike jina lake mwenyewe. Ukimwandikia, anahisi kitabu ni chako. Akijiandikia, anahisi ameahidi.

Masika yangu ya kwanza niliwapa vitabu mkononi bila mfuko. Vitano vilirudi vimevimba kama mandazi, kurasa zimegandana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, nami sikutamani kuitafuta. Fundi mmoja wa nguo katika soko la Kibuye alinipa mabaki ya turubai la hema. Tulishona mifuko kumi na minne yenye kifuniko cha kukunja, kila mmoja ukiwa na nambari iliyoandikwa kwa kalamu nzito. Tangu hapo mvua haijatunyang'anya kitabu. Kitabu kikipotea, usitoze faini. Mtoto anayedaiwa hukwepa njia ya kikao, na hapo umepoteza kitabu pamoja na msomaji.

3. Soma kwa sauti huku ukijifunza kuandika

Kisome kitabu mara mbili ukiwa peke yako kabla ya kuwasomea. Weka alama ndogo ya penseli mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kukatia. Kata pale mhusika anapoweka mkono kwenye mlango, kabla haujafunguka. Anza kwa "Paukwa!" nao wajibu "Pakawa!", maana mwitikio huo huwageuza wasikilizaji kuwa sehemu ya hadithi. Wazee wa Kijaluo walijua hivyo zamani: sigana, yaani ngano zao, zilisimuliwa jioni katika siwindhe, nyumbani kwa nyanya, na mtoto alitarajiwa kuitikia, kuimba na kusimulia ya kwake. Kitabu unakisoma kwa Kiswahili, lakini mtoto akitaka kuuliza kwa Kidholuo, Kiluhya au Sheng, mpokee. Swali lake ni la maana kuliko lugha aliyokuja nayo.

Paja langu la kushoto hubeba daftari jingine dogo. Humo natia nukta kila watoto wanapoanza kujisogezasogeza, na msalaba wanapotulia kabisa. Baada ya miezi minne nilikuwa na ramani. Nukta zilijaa kwenye maelezo ya mandhari yaliyozidi sentensi nne, na kwenye hotuba za wahusika wazee. Misalaba ilijaa pale mhusika alipokuwa na njaa, alipojificha, alipodanganya rafiki, na alipokuwa karibu kugunduliwa.

Siku moja nilikuwa nasoma kitabu cha kigeni, mhusika wake mnyama wa nchi za theluji. Msichana wa gredi ya nne akainua mkono: "Huyu anakula nini?" Kitabu chenyewe hakikusema, nami sikujua. Akauliza tena: "Na nani anamla?" Nimeyaandika maswali yale mawili kwenye jalada la daftari langu. Ukiweza kuyajibu kuhusu mhusika wako, tayari una nusu ya hadithi, kwa sababu umejua anachokitafuta na anachokikimbia.

4. Chagua mnyama unayeweza kwenda kumtazama

Mpumzishe Sungura kidogo. Amefanya kazi nzuri kwa vizazi vingi, lakini mtoto wa miaka kumi anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba atashinda. Toka uende ukatazame wengine. Dunga ufuoni alfajiri, hifadhi ya swala pala iliyo pale pale mjini Kisumu, msitu wa Kakamega kwa walio karibu na hondohondo na mbega, kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale. Kaa saa nzima mahali pamoja. Andika mnyama anafanya nini, usiandike anafanana na nani.

Nitakupa wachache ambao maisha yao halisi tayari ni maajabu. Kamongo, ambaye kwa Kiswahili huitwa kambare mamba, ana mapafu. Maji yakikauka hujizika topeni, hujifunika ute unaogeuka ganda, na hulala humo miezi mingi akingoja mvua. Mhusika anayeamka baada ya ukame na kukuta dunia imebadilika, huyo hapo. Nzohe ni swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame. Akiogopa huingia majini na kubakiza pua tu juu. Kongoti, yule anayesimama jalalani kama karani mstaafu, hujinyea miguuni ili kupoza mwili. Waambie watoto hilo uone kama kuna atakayelala. Walio Nakuru wana heroe: maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010, magadi yakazimuka, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko. Kundi lote linahama, na kifaranga mmoja bado hajui kuruka. Unahitaji nini zaidi?

Mimi nilimchagua fundichuma. Ni ndege wa kahawia, kichwa kama nyundo, anayekula vyura na samaki wadogo. Hajengi kiota cha kawaida. Yeye na mwenzake hukusanya maelfu ya vijiti na kujenga jumba linaloweza kufika mita moja na nusu kwa upana, lenye paa, na mlango mwembamba uliopakwa tope. Paa hilo linaweza kubeba uzito wa mtu. Hujenga zaidi ya moja kwa mwaka, na mara nyingi wengine huhamia: bundi, kenge, nyoka, nyuki. Nilisimama chini ya kiota kimoja kwenye mti wa mgunga karibu na ziwa. Katikati ya vijiti nikaona kipande cha wavu wa kuvulia, mfupa, utepe wa kitambaa chekundu na mswaki. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapata mahali pa hadithi yangu: nyumba moja, wapangaji wengi, na kila kitu ukutani kina kilikotoka.

5. Andika sheria za ulimwengu wako kwenye ukurasa mmoja

Hapa ndipo waandishi wengi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Amua kwanza wanyama wako ni watu kiasi gani. Wapo wanaovaa suruali na kwenda shule. Wapo wanaoishi kama wanyama kamili ila wanasemezana wao kwa wao. Wapo wanaoishi kati ya binadamu na kuwaelewa. Njia zote zinaruhusiwa, lakini chagua moja. Kwa umri huu mimi naipendelea ya pili, kwa sababu hatari inabaki kuwa hatari: kenge anapenda mayai, na kifaranga anaishi naye paa moja.

Kisha jibu haya kwa maandishi. Nani anaelewana na nani? Je, unaweza kumla anayeweza kukujibu? Binadamu wanaonekanaje kutoka chini, au kutoka angani? Uchawi upo wapi, na gharama yake ni nini?

Gharama ndiyo roho ya fantasia. Uchawi usiolipiwa humaliza hadithi sura ya pili, maana kila tatizo lina dawa. Katika mswada wangu, vijiti vya kiota vinakumbuka miti vilikovunjwa. Kifaranga wangu, Njiti, anaweza kukiuliza kijiti kilichoyaona mambo ya zamani, nacho kitajibu, mara moja tu. Kikishajibu hugeuka unga. Kwa hiyo kila jibu linalegeza paa ambalo bundi, kenge na ndugu zake wanalitegemea. Watoto walipoisikia sheria hiyo walianza kuhesabu vijiti bila kuambiwa.

Ukitumia imani za wenyeji, nenda taratibu. Watu wa Nyakach wana Omieri, chatu anayehusishwa na mvua na mavuno, na kwao huyo si mapambo ya hadithi. Jamii nyingi pia hukataza kuvunja kiota cha fundichuma. Waulize wazee, sikiliza mpaka mwisho, na ukiambiwa jambo fulani halisemwi, usiliseme.

6. Mpe mhusika haja, kisha mfungie njia

Njiti ni jina la kijiti cha kiberiti, na wengine humwita hivyo mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Wangu alianguliwa mapema, mabawa yamechelewa. Haja yake ni kuruka kabla maji hayajafika. Maji nayo sikuyabuni: mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango cha juu kupita hata kile cha mwaka wa 1964, na watoto wangu wa kikao wanakumbuka godoro la nani lilielea. Tatizo la hadithi yako lichote katika jambo ambalo msomaji amelihisi kwenye nyayo zake.

Mtu mzima asimtatulie mtoto tatizo. Mzazi awe mbali, au mgonjwa, au amekosea. Rafiki awe mmoja wa kweli, na mwingine mwenye mashaka. Adui awe na sababu ambayo mtoto anaweza kuielewa hata asipoikubali. Kenge wangu ana mayai yake mwenyewe ya kulinda. Usipange zaidi ya sura tano mbele. Ukijua mwisho na ukijua sura ijayo, inatosha kuanza.

7. Andika Kiswahili cha masikio

Lugha yetu inamsaidia mwandishi wa wanyama kwa namna ambazo hatuzitumii vya kutosha. Watu na wanyama huchukua upatanisho wa A-WA hata jina likiwa la KI-VI: kiboko mkubwa amekuja, vifaranga watatu wamelia. Ukiandika "kifaranga kimelia" mtoto atakurekebisha. Lakini kijiti ni kitu, na kitu ni "ki-". Nikafanya hivi: mwanzoni kijiti kinalala, kinavunjika, kinaanguka. Pindi Njiti anapokiuliza nacho kikafumbua kinywa, naandika "Kijiti akasema." Kiambishi kimoja tu kimebadilika, na tayari kijiti kimepata uhai. Mvulana wa gredi ya sita aliigundua kabla sijaeleza: "Mwalimu, kimekuwa mtu!"

Neno "yeye" halisemi dume wala jike. Itumie nafasi hiyo. Nusu ya kikao changu inaamini Njiti ni msichana, nusu nyingine mvulana, na kila upande una ushahidi.

Jihadhari, hata hivyo, na mtego uliopo hapo hapo. Wahusika wako wote ni A-WA, kwa hiyo sentensi kama "Alimwambia kwamba alimwona akimfuata" haina mwenyewe. Nani alimwona nani? Ivunje iwe mazungumzo:

"Nimekuona," Kenge akasema. "Umenifuata tangu kwenye mafunjo."
Njiti akameza mate. "Nilikuwa natafuta vyura."
"Vyura hawakai juu ya paa langu."

Tanakali za sauti ni zetu, na usiziache: chubwi majini, pu mchangani, kacha kijiti kinapokatika. Moja kwa ukurasa, mahali pake, ina nguvu kuliko saba zilizorundikwa. Kiambishi -ka- nacho kinasukuma hadithi mbele, akaruka, akatua, akasikiliza, ila ukikipanga mara sita mfululizo msomaji anaishiwa pumzi. Katiza kwa sentensi tulivu. Na msamiati mgumu usiuogope. Neno kama "mafunjo" mtoto atalielewa ukimpitisha ndani yake likamkwaruza magoti.

8. Pima urefu kwa mdomo

Kiswahili hubana. "Nilipomwona" ni neno moja, kwa hiyo usijilinganishe na hesabu za maneno za lugha nyingine. Kwa kitabu cha kwanza cha umri huu lenga maneno 15,000 hadi 25,000. Mimi husoma kwa sauti kama maneno 100 kwa dakika, ndipo sura zangu nikaziweka kwenye maneno 1,200: dakika kumi na mbili, kabla nukta hazijaanza kumwagika daftarini. Andika sura moja kwa wiki. Ijumaa usiku isome peke yako kwa sauti. Ulimi ukijikwaa mahali, kata hapo.

9. Rudisha mswada kwenye kikao

Wasomee bila kusema umeandika wewe. Wakijua watakuhurumia. Ukimaliza usiulize kama wamependa. Mwombe mmoja asimulie ilivyokuwa kwa aliyechelewa kufika. Anachokisahau ndicho ulichokiandika vibaya, na anachokiongeza yeye mwenyewe mara nyingi ndicho kilichokosekana. Wagawie karatasi wachore kiota. Mimi niligundua hivyo kwamba hakuna aliyejua mlango uko upande gani, ilhali sura nzima ya nne ilitegemea mlango.

Sura yangu ya tatu ilikufa mbele ya macho yangu. Bundi mzee alieleza historia yote ya kiota kwa kurasa mbili, nami niliipenda hotuba ile kwa dhati. Nilitia nukta tisa. Usiku ule niliifuta, nikampa Bundi sentensi moja, "Hiki si kiota cha kwanza mahali hapa," halafu nikamfanya alale. Jumamosi iliyofuata walimuuliza Bundi maswali mpaka tukachelewa kumaliza.

10. Kutoka mswada hadi kitabu

Rekebisha mara tatu: kwanza mkondo wa hadithi, kisha sura, mwisho sentensi na tahajia. Mtafute msomaji mmoja mkali aliyesomea Kiswahili. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Ukiisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya unapata cheti cha kuonyesha palipo na ubishi. Ukienda kwa mchapishaji, soma kwanza masharti yake ya kupokea miswada, tuma kile alichoomba, na usisaini mkataba ambao hujausoma na mtu anayeelewa sheria. Ukichapisha mwenyewe, nambari ya ISBN, inayokitambulisha kitabu chako, hutolewa nchini na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mchoraji mlipe, na mpelekee picha za mnyama halisi, la sivyo fundichuma wako atarudi amekuwa kunguru.

Kabla ya yote hayo, toa nakala kumi na mbili kwenye duka la kutoa kopi, zibane kwa stepla, uzipe jalada la manila. Zipe nambari zinazofuata katika daftari la kuazima, zitie kwenye mifuko ya turubai, na Jumamosi ziweke kwenye benchi kati ya vitabu vingine. Achia kalamu karibu na daftari.